Vita vya Mtepweni, Kabla ya Dua na Baada ya Dua

Mwezi uliopita, kwenye hafla ya kuniaga, mlinipa kanga doti mbili, saa ya ukutani na kipaza sauti. Kanga na saa ninavyo hapa nyumbani Mabawa. Kipaza sauti mlikichukua baada ya dakika tano, mgeni rasmi alipoanza kutazama simu yake, ndiyo maana nimeamua kuandika. Sitaandika nilipandishwa daraja lini, wala kama kiinua mgongo kimefika au bado kiko njiani. Nitaandika jinsi kazi ya mtendaji wa kijiji ilivyo, kwa ajili yenu ninyi mlioajiriwa juzi mkadhani kazi yenyewe ni kupiga mhuri.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji cha mwambao, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Mkwaja, ambacho nitakiita Mtepweni. Si jina lake. Wahusika wengi bado wako hai na wanajua kusoma, ingawa mmoja wao, kama mtakavyoona, hakuwa na tabia hiyo. Nilipelekwa kwa muda, nikakaa miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, binti wa katekista. Siku ya kwanza nilishuka Mtepweni na viatu vya kisigino, kwenye mchanga. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza ya miguu mitatu na wa nne matofali, na ndani amelala mbuzi ambaye hakuona sababu ya kuondoka. Aliyenipokea ni Bi Mwanaisha, mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mjane mwenye watoto wawili: binti aliyeolewa kijiji cha jirani, Kilulu, na mwanawe wa kiume, Sefu, ambaye wakati ule alikuwa bado anasoma. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maji ya kunywa na maswali matatu: nimezaliwa na nani, nimeolewa na nani, na huyo aliyenioa yuko wapi hata mie niko hapa. Maji yalikuwa ya chumvi kidogo. Nilikuja kuyazoea, pamoja na maswali.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Semboja, mtendaji wa kata, Msambaa wa Bumbuli, mtu mrefu mwenye kikohozi. Katika kikao changu cha kwanza alikaa pembeni yangu. Ajenda ilikuwa kisima kipya, na wajumbe wakakubaliana kwa sauti moja kisima kichimbwe shuleni, kwa manufaa ya watoto. Kikao kikafungwa kwa dua, wajumbe wakapitisha viganja usoni, nami nikafanya ishara ya msalaba na kufunga daftari. Mzee Semboja akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Fungua," akaninong'oneza. "Kikao ndiyo kwanza kinaanza."

Ikaletwa kahawa chungu na kashata. Kikombe cha kwanza hakijaisha, kisima kikawa kimeondoka shuleni kimefika nyuma ya nyumba ya mjumbe mmoja mwenye minazi. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyenyoosha mkono. Ilikuwa mazungumzo tu ya watu wanaokunywa kahawa, na kisima leo kiko pale pale, minazini.

Njiani kurudi, Mzee Semboja akanipa penseli. "Yaliyosemwa kabla ya dua, mwanangu, andika kwa wino. Hayo ni ya serikali. Yanayosemwa baada ya dua andika chini yake kwa penseli. Hayo ni ya kwako, ili ujue unafanya kazi na nani. Mwezi ukiisha, futa." Nikamuuliza kwa nini niandike kitu cha kufutwa. Akasema mtu akishaandika jambo kwa mkono wake hawezi tena kujidanganya kwamba hakulisikia. Vifaa vyangu vyote vya kazi vilikuwa hivyo: kaunta buku, mhuri, kalamu ya wino, penseli na ufutio. Semina zote nilizopelekwa baadaye hazikuniongezea cha sita.

Sasa nije kwa Mwenyekiti. Nitamwita Mwinjuma. Aliwahi kupata mafunzo ya mgambo, upande wa jikoni, akatoka huko na filimbi na mapenzi makubwa ya neno vita. Kila jambo kwake lilikuwa vita. Tulikuwa na vita dhidi ya kipindupindu, vita dhidi ya utoro shuleni, na vita dhidi ya mbuzi wazururaji, hivi vya mwisho vikitangazwa wiki ile ile mbuzi wa jirani alipotafuna kanzu yake ya Idi. Kwa wino niliandika "usafi wa mazingira". Kwa penseli niliandika "kanzu". Nilikuwa nacheka peke yangu nikifuta. Kucheka huko ndiko kulikoniponza, maana mtu akikuchekesha miaka kumi huwezi kujua siku anapoacha kuchekesha.

Kati ya Mtepweni na Kilulu kuna bonde la tope la chumvi, na kando yake makaburi ya kale, ya mawe, ambayo vijiji vyote viwili husema ni ya wazee wao. Wote wanasema kweli, kwa kuwa wazee wenyewe ni wale wale. Watu wa Mtepweni wameoa Kilulu na wa Kilulu wameoa Mtepweni tangu enzi na enzi. Makaburi hayo yalikuwa yameota magugu hadi kifuani. Sikuwahi kuona mtu akiyafagia, na mbuzi wale wa vita vya awali ndiko walikokimbilia.

Siku moja Mwinjuma akaingia ofisini amevaa shati lake la mifuko minne. "Mama Mtendaji, Kilulu wametuingilia mpaka. Wametuvunjia heshima ya makaburi. Naitisha halmashauri. Nataka unitilie maneno."

Kunitaka nimtilie maneno lilikuwa jambo la kawaida. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa insha, na Mwinjuma alilijua hilo. Nikakaa nikaandika kwa wino, tena kwa raha, naona aibu kusema, nikibadilisha neno hili na lile hadi sentensi ilipokaa vizuri: "Wazee wetu wamo katika mchanga ule. Anayeukanyaga bila adabu anakanyaga vifua vyao, na mtoto anayetazama hayo akanyamaza, huyo hana wa kumzika." Mwinjuma akaisoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akisoma kitu mara mbili.

Kikao kikakaa. Maneno yangu yakasomwa, wajumbe wakaguna kwa uchungu, likapitishwa azimio la kulinda makaburi "kwa kila njia". Bi Mwanaisha peke yake aliuliza kila njia ni njia gani. Akajibiwa ni lugha ya kiofisi. Akaniangalia mimi, mwenye ofisi, nami nikaangalia daftari. Ikasomwa dua. Bi Mwanaisha akaondoka, kwa kuwa wanawake hawakuwa wakibaki kwenye kahawa. Mimi nilibaki kwa sababu nilihesabiwa kuwa samani.

Kahawa ikaja. Nikashika penseli.

"Mwenyekiti," akasema Mzee Makame, mjumbe mkubwa kuliko wote, akimenya kashata kutoka kwenye karatasi, "wewe pale una kaburi lipi? Babako si kazikwa Bagamoyo?"

"Sina kaburi, yakhe. Nina bonde."

Wakacheka. Akaeleza. Kuna tajiri mmoja wa Tanga mjini anataka kuchimba majaruba ya kukaushia chumvi katika bonde lile, naye Mwinjuma amekwisha ahidiwa kuwa msimamizi mkuu, mwenye kiti chake na kivuli chake. Kilulu wamekataa, wanasema bonde ni lao. Kisha uchaguzi huo unakuja, na watu walio vitani hawabadilishi jemadari. Hapo akanywa kahawa, na la tatu likatoka polepole, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni. Alikuwa amepeleka posa Kilulu, kwa Bi Zena, mjane wa pale. Bi Zena akairudisha na salamu kwamba yeye ana mbuzi wa kutosha.

"Atajua kamkataa nani," akasema Mwinjuma.

"Na vijana wakiumia?" akauliza Mzee Makame.

"Vijana wapo wengi."

"Wako wawili nao wanakwenda?"

"Wangu watalinda mitumbwi. Kila vita vina watu wa nyuma."

Niliandika yote, neno kwa neno. Nakumbuka niliwaza kwamba hadithi ya mbuzi wa Bi Zena ni nzuri na itakuwa hasara kuifuta. Hayo ndiyo niliyoyawaza, na sina wazo jingine la kujisingizia.

Siku tatu baadaye, asubuhi baada ya chai, filimbi ikalia. Vijana wa Mtepweni wakaenda bondeni na mapanga na marungu. Mwenyekiti alibaki nyuma kuratibu, neno alilolipata kwenye semina. Nilimwona Sefu akipita mbele ya ofisi. Alikuwa amekwisha maliza shule zamani, kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa kushona nyavu. Mama yake alikuwa amemshika shati, anamvuta.

"Mwache, mama," akasema Sefu. "Mtoto anayetazama akanyamaza hana wa kumzika."

Mama yake akaliachia shati. Mimi nilikuwa mlangoni. Ningeweza kusema, Sefu, hayo ni maneno yangu, niliyatunga juzi pale mezani nikinywa chai. Sikusema, na kazi yangu yote sijawahi kunyamaza kwa ubaya kuliko siku ile.

Vita vyenyewe havikuchukua muda wa kuchemsha muhogo. Watu wa Kilulu waliokuwa bondeni siku ile walikuwa wanakata kuni, nao mapanga wanayo. Pande mbili zikatukanana kwa majina, maana zinajuana, kisha mtu akarusha jiwe, kisha hakuna ajuaye. Sefu aliinua mkono wa kushoto kujikinga na panga likapita. Aliyelishika panga hilo ni Jumaa, mume wa dada yake. Jumaa alipoona amemkata nani, alilitupa panga, akavua shati lake akamfunga nalo, akampakia kwenye pikipiki yake mwenyewe akampeleka hospitali, na watu wa vijiji vyote viwili wakaacha kupigana ili kuisukuma ile pikipiki kwenye tope. Mkono haukuokolewa. Daktari aliukata juu kidogo ya kifundo.

Mngedhani hapo Mwinjuma angenyamaza. Jioni ile ile alitangaza kwamba damu ya Sefu haitakwenda bure, na kwamba Jumamosi utakuwepo mkutano mkuu wa kijiji wa kubariki msafara wa pili, mkubwa zaidi. Sasa alikuwa na makaburi na mkono. Akaniagiza muhtasari wa halmashauri uchapwe na usomwe mbele ya wananchi wote, "yale maneno yako, Mama Mtendaji, yasomwe vizuri".

Mihtasari yangu ilikuwa ikichapwa mjini, katika duka la Zuhura, mwanamke niliyefanya naye kazi miaka mingi. Zuhura alijua sheria yetu: wino chapa, penseli ruka. Lakini wiki ile Zuhura alikuwa amejifungua, na dukani nikamkuta mumewe, mtu wa Lushoto, mwaminifu kupita kiasi. Nilikuwa nawahi hospitali kumpelekea Bi Mwanaisha uji na kanga ya kubadilisha. Nikamwachia daftari, nikamwambia, "Chapa kikao cha mwisho," nikakimbia. Kosa lilikuwa langu. Yeye alichapa alichokikuta.

Nakala nilizichukua Ijumaa bila kuzifungua. Nikampelekea Mwenyekiti, naye akazitia sahihi bila kuzifungua vilevile, kila ukurasa, ile sahihi yake yenye mkia mrefu, na mhuri juu yake. Alipenda sana kutia sahihi.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Vijana walikaa mbele na mapanga magotini. Bi Mwanaisha alikuwa amerudi kutoka hospitali asubuhi hiyo, amekaa chini upande wa wanawake. Nikasimama, nikasoma mahudhurio, nikasoma kufungua kikao, nikasoma maneno ya makaburi. Watu wakaguna. Mwinjuma akafumba macho kama anayesikiliza kaswida. Nikageuza ukurasa, nikakuta kichwa cha habari kimepigwa mstari vizuri kwa rula: MENGINEYO, BAADA YA DUA.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiria haki. Nilifikiria pensheni. Kisha nikaona mapanga yale magotini, nikamwona Bi Mwanaisha anavyoishika mikono yake miwili, mmoja juu ya mwingine, kama anayehakikisha yote ipo. Nikaendelea kusoma kwa sauti ile ile, maana sauti ya kiofisi nayo ni silaha ukijua kuitumia.

Nilisoma bonde. Nilisoma kiti na kivuli chake. Watu walidhani ni mzaha. Nilipofika kwa Bi Zena na mbuzi wake, uwanja mzima ukacheka, na hata vijana wa mapanga wakacheka. Mwinjuma alikuwa amefumbua macho. Nikasoma, "Mjumbe aliuliza, wako wawili nao wanakwenda? Mwenyekiti alijibu, wangu watalinda mitumbwi." Hapo hakuna aliyecheka.

"Huo si muhtasari," akasema Mwinjuma. "Huo ni uzushi."

Bi Mwanaisha akainuka. Hakupaza sauti. "Mama Mtendaji, sahihi hapo ya nani?"

"Ya Mwenyekiti."

"Ukurasa huo huo?"

"Kila ukurasa."

"Na muhuri?"

"Upo."

Akamgeukia Mwinjuma. "Mie sina maneno na we. Wanao wa wapi?"

Wanawe walikuwa wamesimama nyuma, karibu na choo cha shule. Watu wote wakageuka kuwatazama. Mmoja wao akaanza kulia, jitu zima. Kijana wa kwanza akainuka na panga lake, akajikung'uta mchanga, akaenda zake nyumbani, kisha wa pili, kisha wote, bila mkutano kufungwa na bila dua. Mzee Makame pekee alibaki kwenye benchi, akaniuliza taratibu kama jina lake nalo limechapwa. Nikamwambia limechapwa, ila mimi nimelisoma "mjumbe". Akasema, "Basi angalau niliuliza."

Mnataka kujua Mwinjuma alipatwa na nini. Wiki mbili baadaye ulikuja ugeni kutoka wilayani kusuluhisha vijiji, nao ukamkuta Mwenyekiti amevaa kanzu nyeupe, anazungumzia amani kwa ufasaha mkubwa. Alisema alikuwa anawapima vijana uzalendo wao. Walimpa cheti. Muhtasari wa siku ile niliuandika mimi, kwa wino. Uchaguzi ulipofika alishinda tena, kwa kura chache kuliko mwanzo, na mpinzani wake alikuwa shemeji yake. Bonde lenyewe wapimaji walipolipima wakakuta si la Mtepweni wala Kilulu. Ni hifadhi ya mikoko, na hakuna ruhusa ya kuchimba hata kijiko cha chumvi. Bi Zena aliolewa na mwalimu. Mimi nikahamishiwa kata nyingine, kwa manufaa ya umma.

Ninyi vijana mkiisimulia hadithi hii, najua mnaipenda, huwa mnaishia pale uwanjani. Kwenye kundi letu la simu mmenifanya mimi ndiye niliyemaliza vita. Nawaomba msiishie pale, kwa sababu mwezi uliopita, baada ya hafla yenu, nilipanda gari nikaenda Mtepweni kumwona Sefu. Kuna jambo nililokuwa sijamwambia, nikaona nisife nalo.

Nyumbani kwake mama yake aliniambia yuko bondeni, makaburini. Nikaenda. Magugu hayakuwepo tena. Makaburi yote yalikuwa yamefagiwa, na mengine yamepakwa chokaa, meupe hasa. Bi Mwanaisha alikuwa amenidokeza kwamba Jumaa huja kufyeka siku za Ijumaa, na kwamba hawa mashemeji wakifanya kazi hawazungumzi sana. Siku ile Sefu alikuwa peke yake. Brashi ilikuwa mkono wa kulia, na ndoo ya chokaa ameibana katikati ya magoti, kila akihama anaisukuma kwa mguu.

"Shikamoo, Mama Mtendaji."

"Marahaba, mwanangu. Sefu, nimekuja kukuambia neno. Yale maneno ya makaburi, ya mtoto anayetazama akanyamaza, hayakuwa ya wazee. Niliyatunga mimi. Niliambiwa niandike, nikaandika. Na ile sababu ya vita..."

"Siku uliyosoma nilikuwa hospitali," akanikatiza, bila ukali. "Watu wamenihadithia ya chumvi, wamenihadithia ya Bi Zena. Wanahadithia huku wakicheka. Mie sikusikia, mama, na sitaki kusikia kwako."

"Lakini ni kweli, mwanangu."

"Ni kweli kwao. Wao walirudi na mikono yao." Akachovya brashi, akapaka jiwe kwa uangalifu, kutoka juu kwenda chini. "Mie mkono wangu niliutoa kwa makaburi. Ukiniambia niliutoa kwa chumvi, leo hii nitalala vipi?"

Ndoo ikayumba, chokaa ikamwagika kidogo kwenye mchanga. Nikavua viatu, nikaingia kati ya makaburi, nikamshikia ndoo.